Mkono wa Mwalimu Gachanja

Jumatatu, 8 Septemba 1997

Muhula wa tatu umeanza. Binti yangu Nafula nilimnunulia madaftari sita, nikamnyang'anya moja. Muhula huu ndio wa mtihani wake wa darasa la nane, na nataka paandikwe mahali nani alifanya nini, kwa sababu watu wa mtaa huu wa Kaloleni, hapa Nairobi, wakishafanya jambo husahau kwa makusudi.

Hali yetu ni hii. Nafanya kibarua kiwanda cha biskuti, kufunga katoni. Baba Nafula alifariki, nina Nafula peke yake. Mwalimu wake wa darasa, ambaye pia ndiye wa hesabu, ni Gachanja: mwembamba, koti moja la kijivu, salamu hana. Sheria yake inajulikana. Alama ya kupita hesabu ni sabini, na kila alama inayopungua ni kiboko kimoja. Hatulalamiki. Januari, kwenye mkutano, sisi wazazi wenyewe ndio tulimwomba, na kila mzazi akaleta fimbo yake. Mimi nilileta kipande cha mpira wa maji, ule mweusi mgumu, nimekikata mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Nikamwambia mbele ya watu, "Mchape, Mwalimu. Kuuguza niachie mimi." Nilipigiwa makofi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nafula amepata sitini na nne. Viboko sita. Nimemkanda kwa maji ya chumvi.

Jumatano, 17 Septemba

Mwizi ameshikwa karibu na ukumbi wa mtaa, na sufuria mbili, moja bado ina ugali. Kijana mmoja alikuwa akipiga kelele kwamba ameibiwa, "Amesanya sufuria za mathe! Mshikeni huyo!" Mwizi alipigwa mpaka akaacha kumwita mama yake. Mimi pia nilirusha jiwe moja. Sikuangalia lilipoangukia. Polisi walimtupa ndani ya Land Rover akiwa bado anapumua, nadhani.

Jumatano, 24 Septemba

Kidole cha kati cha Nafula kimevunjika, mkono wa kulia, mkono wa kuandikia. Alipata hamsini na tisa, ikawa viboko kumi na kimoja. Cha tisa alijaribu kukikwepa kikampata kwenye kifundo. Zahanati wamemfunga kijiti na bandeji, wakasema wiki sita, labda saba. Mtihani ni tarehe kumi na moja Novemba. Nimehesabu kwenye kalenda mara tatu. Ataandika na nini?

Nilimuuliza alichapwa na nini. Akaangalia pembeni. Nikauliza tena kwa sauti.

"Na ule mpira wako, Mama."

Kwa hasira nimeviacha viazi bila kumenya. Kesho siendi kazini.

Alhamisi, 25 Septemba

Naandika kiganja kikiwa bado kinawasha.

Asubuhi nilipita kwa Mzee Lusweti, fundi wa mabati, mwenyekiti wetu wa wazazi. Nilidhani atasema tuandike barua. Alisikiliza, akavaa kofia, akasema, "Twende." Njiani walijiunga mama watatu wenye watoto darasa hilo hilo, kila mmoja na kisa chake cha makalio yaliyovimba. Hatukupitia ofisini.

Mwalimu alikuwa ubaoni, ametupa mgongo. Nilimwambia, "Geuka, katili wewe!" Akageuka na chaki mkononi, nikamzaba kofi. Miwani ikadondoka. La pili nililitia nguvu yote ya miaka tisa ya kubeba katoni.

Hakunirudishia. Alisema, "Mama Nafula, si mbele ya watoto. Twende nje." Akarudia, "Si mbele ya watoto." Angenitukana ningepoa. Ule upole wake ndio ulionitia wazimu, nikamshika koti likachanika. Wale mama wakaingia, mmoja akamng'ata shingoni. Watoto walipiga mayowe, wengine wakapanda madawati waone vizuri. Nafula alikuwa chini ya dawati lake, amejifunika kichwa. Lusweti aling'oa ubao wa dawati bovu, na Mwalimu alipoinua mkono kujikinga, ubao ukashuka. Niliusikia mfupa. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani.

Mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Alikaa sakafuni akitafuta miwani kwa mkono wa kushoto. Walimu wengine walipofika sisi tulikuwa tumeshapita lango, tunaimba.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimenunuliwa soda mbili. Bombani wamenipisha mbele, wananiita kamanda. Nafula hajasema nami tangu jana.

Jumatano, 1 Oktoba

Walimu wa nchi nzima wamegoma, wanataka waongezwe mishahara. Lango la shule limefungwa kwa mnyororo. Nimemwambia Nafula ajisomee hesabu nyumbani. Akanijibu, "Nikikosea ni nani ataniambia?" Nikampiga kofi, halafu nikatoka nje kwa aibu.

Jumanne, 7 Oktoba

Leo walimu waliandamana. Nilikutana nao Jogoo Road nikitoka kazini, kiasi cha mia tatu, na matawi na nyimbo. Polisi walikuwa wanawangoja mbele. Walirusha gesi ya machozi, kisha wakaingia na rungu. Nilijibanza kwenye kibanda cha viatu. Nikaona mwalimu mzee akiburutwa kwa tai yake mwenyewe. Nikaona mwingine, mwanamke, akipigwa mabuti huku amekumbatia mkoba.

Kisha nikamwona Gachanja. Koti lilikuwa begani na mkono wenye plasta nyeupe umefungwa kifuani, na kukimbia hawezi. Askari wawili wakamfikia. Wa kwanza alimpiga magotini akaanguka, na naandika ukweli, pigo lile lilinifurahisha. La pili lilitua juu ya plasta. Sijawahi kusikia mtu mzima akilia vile. Nilijikuta nimetoka kibandani napiga kelele, "Mkono huo ni mbovu! Ni mbovu tayari!"

Askari akacheka. "Kwani ni bwanako, mama?" Akapiga palepale tena.

Mwenye viatu alinivuta ndani. Nimefika nyumbani macho yanachuruzika, na si yote ilikuwa gesi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mgomo umeisha, serikali imekubali kuongeza. Nafula alitoka hapa amevaa vizuri, saa nne akarudi. Darasa la nane halina mwalimu hata mmoja.

Nimekwenda kwa mwalimu mkuu, Madam Wacuka, mama mnene asiyeinua sauti. Alinisimamisha kama mtoto.

"Mama Nafula, nina barua ya walimu kumi na tisa hapa mezani. Hakuna atakayeingia darasa ambalo wazazi huingia na mbao. Gachanja ameomba uhamisho, na mkono wake umevunjwa mara mbili sasa. Nimlete nani?"

"Na watoto wafanyeje?"

"Waulize uliokuja nao."

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua. Inanyesha tangu Ijumaa bila kupumua, redio inasema ni El Niño. Mitaro imejaa na vyoo vimerudisha maji machafu.

Leo nimepigwa bombani. Aliyeanza ni yule yule mama aliyemng'ata Mwalimu. "Mwanangu atafeli kwa ajili ya kidole cha wako!" Akanigonga na ndoo mdomoni. Wakawa wanne, nikawa mmoja. Nimevutwa nywele, nimekanyagwa tumbo, jino la mbele linacheza. Lusweti alikuwa amesimama chini ya paa anatazama. Nilipompita alisema, "Wewe ndiye uliyetuita, mama. Mimi nilikuwa kazini kwangu."

Sasa ndio nawajua watu.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimekwenda mtaa wa Tena, karani wa shule alinielekeza. Gachanja amepanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mtu. Nilibeba kuku. Kwetu Bungoma mtu akiingia na kuku, ugomvi umekwisha nusu. Alifungua, akaniona, akafunga.

Nilimfunga kuku kwenye kitasa nikaondoka. Kabla sijafika langoni nikasikia mlango. Alimfungua kuku kamba kwa mkono mmoja na meno, akamwachia aende zake mvuani. Nimemkimbiza kuku huyo Tena nzima.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimerudi, na bahati yangu maji yalikuwa yameingia kwake mpaka kwenye kifundo cha mguu. Alikuwa anahangaika na katoni za vitabu kwa mkono mmoja. Sikubisha hodi. Nilishika upande wa pili, tukapandisha katoni saba kitandani bila kusema neno. Ndani kulikuwa na madaftari ya darasa la nane, themanini na manne, ya tangu Januari. Niliona la Nafula. Kila ukurasa una wino mwekundu.

"Umekuja kunipiga tena?"

"Nimekuja kukuomba, Mwalimu. Urudi. Zimebaki wiki mbili na siku tatu."

"Nikiandika na nini?"

Niliitazama plasta. Nilikuwa nimejiandaa kulia, kumbe mdomo ukatoa kingine. "Na mimi. Nilifika darasa la saba, hati yangu ilisifiwa. Wewe utasema, mimi nitaandika."

"Na kazi yako?"

"Kibarua ni kibarua."

Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Nilivunja kidole cha mtoto wako," akasema. "Sikukusudia. Lakini nilikivunja, na jioni ile nilikula ugali nikalala. Hilo ndilo linaloniuma." Kisha akasema, "Kofi ulinipiga mbele ya darasa. Radhi utaomba kwenye paredi ya asubuhi, mbele ya shule nzima. Si kwa ajili yangu. Wenzangu hawataingia bila hivyo."

Jumatatu, 27 Oktoba

Watoto mia tisa kwenye tope. Nikasema, "Mimi ni Beldina, mama yake Nafula. Niliingia darasani nikampiga mwalimu. Nilikosa. Mnisamehe." Mtoto mmoja akacheka, wakacheka wengi. Madam Wacuka akasema, "Walio nyuma hawajasikia, mama. Rudia." Nikarudia. Lusweti na wenzake hawakuonekana.

Walimu walitazamana. Kisha yule wa Kiswahili akajifuta viatu akatangulia kwenda darasa la nane.

Somo la pili lilikuwa letu. Dawati la watoto wawili wanakaa wanne, na sita wanakaa dirishani na daftari kwenye mapaja. Mwalimu alisimama kando yangu akisema, mimi naandika. Bega lilianza kuungua kabla ya nusu saa.

"Futa. Sufuri yako inafanana na sita. Mtoto akikosa kwa sababu ya hati yako nitakushtaki."

Nilifuta. Nafula alikuwa anatazama sakafu, lakini niliona anabana kicheko.

Alhamisi, 30 Oktoba

Kiwandani wamemweka mtu mwingine mahali pangu.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua. Ukuta wa choo cha wavulana umeanguka.

Nilidhani kazi hii ni mtu kusema na mtoto kusikia. Kumbe kabla ya saa tano lazima awaulize maswali wale wasiokula asubuhi, kwa sababu baada ya hapo wanasinzia. Wale wa dirishani hawaoni ubao, kwa hiyo kila hesabu husemwa mara mbili. Anajua Batulo hukosea kugawanya na si kuzidisha, anajua yupi baba yake hulewa Jumapili asimguse Jumatatu. Jioni ananisomea majibu, mimi nasahihisha. Themanini na wanne, maswali hamsini. Leo vidole vilikufa ganzi nikaangusha kalamu.

"Miaka kumi na moja," akasema. "Ulidhani ni nani alikuwa anafanya?"

Niliokota kalamu. Miaka kumi na moja anafanya haya peke yake kwa mshahara wa kupangia chumba cha nyuma, na zawadi tuliyomletea sisi wazazi ni fimbo. Nimejichukia sana leo.

Jumatano, 5 Novemba

Jaribio la mwisho limerudi. Kabla sijamaliza kusoma alama, watoto wenyewe walianza kupanga foleni, wale wa chini ya sabini. Hakuna aliyewaambia. Arobaini na watatu, viganja mbele. Mtoto wa mwanzo aliutoa ule mpira kabatini akamletea Mwalimu kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anampa kitabu.

Mwalimu aliutazama. Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye mkono wangu."

Nilidhani ni mzaha, nikamwona usoni si mzaha. Niliushika. Ulikuwa mzito kuliko nilipoukata. Wa kwanza alikuwa Batulo, sitini na nane, viboko viwili. Nafula alikuwa wa tano, na kidole bado kina bandeji.

Nikampiga Batulo. Sisemi sikumpiga. Mkono ulipanda wenyewe, umezoea, ukashuka, na darasa zima likafumba macho kwa pamoja kabla haujafika. Batulo hakulia. Alibadilisha kiganja, akanipa cha pili.

Hapo nilishindwa. Nilikwenda dirishani nikautupa mpira ule kwenye maji yanayopita, nikamshika yule mtoto nikamwomba msamaha mbele ya wenzake. Nilikuwa nalia kwa sauti, mtu mzima.

Mwalimu alingoja ninyamaze. "Kuna siku nilikuwa nao themanini na wanne na kelele, na sina kingine mkononi," akasema taratibu. "Hiyo si sababu nzuri. Ni sababu tu. Kaeni chini wote. Mama Nafula, andika swali la kwanza, tulifanye upya."

Tumefanya maswali yote hamsini. Tumetoka saa kumi na mbili.

Jumanne, 11 Novemba

Mtihani. Barabara ya shule ni mto. Baba mmoja aliteleza na mtoto mgongoni wakachukuliwa mpaka kwenye daraja, watu wakawavuta kwa kamba, mtoto akaingia chumba cha mtihani akitokwa damu puani na hakukubali kutoka. Askari mwenye bunduki amesimama mlangoni. Sisi wazazi tumefukuzwa mpaka barabarani, na Lusweti alipojaribu kusogea alipigwa kitako cha bunduki begani. Mwalimu Gachanja pia haruhusiwi ndani. Alisimama nasi mvuani siku nzima. Wale mama tuliokwenda nao kumpiga walimpa mwavuli. Aliupokea, hakusema asante.

Nafula amesema kidole kilimuuma kuanzia swali la thelathini, akamaliza.

Ijumaa, 14 Novemba

Wazazi tumechangishana kuku wanne, soda na kitambaa cha suti kumpa Mwalimu shukrani. Lusweti amejitia kupanga hotuba. Tulipofika ofisini, Madam Wacuka akasema Gachanja ameshakabidhi funguo. Si uhamisho. Ameacha ualimu.

Jumatano, 31 Desemba

Matokeo yametoka. Nafula hesabu ana sabini na saba! Nilipiga kigelegele barabarani mpaka watu wakadhani kuna harusi.

Nilisikia Mwalimu yuko Eastleigh, duka la jumla la vitambaa, nikachukua karatasi ya darasa zima nikaenda. Nilimkuta nyuma ya kaunta. Ana shati jipya, amenenepa kidogo. Mkono umepona lakini umepinda, na anapima kitambaa kwa kushoto.

"Mwalimu."

"Hapa naitwa Gachanja tu, mama."

Nilimwekea karatasi kwenye kaunta. Wateja walikuwa wamesongamana, wanapiga kelele, na yeye akainama juu ya majina. Alikwenda na kidole jina kwa jina. Kwa Batulo alicheka peke yake. Kwa mwingine akatikisa kichwa, akasema, "Huyu alikuwa na uwezo wa themanini. Ni zile wiki mbili za Oktoba." Hakuniangalia aliposema hivyo. Alifika mpaka wa themanini na nne.

Nikamwambia, "Rudi. Wameongezewa mishahara. Wazazi tumebadilika, tutakusimamia. Nitapiga magoti hapa hapa."

"Usipige magoti, unaziba njia." Alikunja karatasi akanirudishia. "Mshahara ungeniweka, Mama Nafula, sikatai. Hapa nalipwa mara mbili na hakuna mtoto anayenitegemea. Lakini si hilo. Nikishika chaki mkono huu hutetemeka. Nilijaribu nyumbani, kwenye mlango. Unaanza kutetemeka hata kabla sijaandika."

Tajiri wake akamwita kwa kumpungia kiganja, "Wewe, jora la bluu!" Akaenda mbio.

Jumatatu, 5 Januari 1998

Bado mvua. Asubuhi nilikwenda shuleni kuchukua cheti cha Nafula. Darasa la nane jipya wako wasichana na wavulana tisini na mmoja, walikuwa wanarushiana mawe ndani ya darasa, na kioo cha mwisho cha dirisha kimevunjwa. Madam Wacuka alinikuta nimesimama mlangoni. Amekonda.

"Hakuna wa hesabu," akasema. "Nimeandika barua tatu. Wanasema huenda Mei." Akawatazama, akanitazama. "Hesabu hujui, hilo nafahamu. Lakini daftari za Gachanja aliniachia, na maswali yote yamo humo. Unaweza kuwaandikia ubaoni mpaka nipate mtu?"

Nilitaka kumwambia kwamba mtu alikuwepo. Sikuwa na uso wa kusema hivyo, wala wa kukataa. Nikachukua chaki.